Mikanda ya Video ya Upareni

Picha za kale za Upareni zilizo salama kuliko zote haziko Upareni. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, waliojenga vituo vyao Shigatini, Gonja, Vudee na Mbaga mwanzoni mwa karne ya 20, walipiga picha za watu, nyumba na milima, wakazipeleka kwao Ujerumani. Na baada ya miaka mingi zikaingizwa katika hazina ya picha za misheni ya Chuo Kikuu cha Southern California, huko Los Angeles, hata leo mtu yeyote mwenye simu aweza kuwatazama jirani za babu wa babu yake, ijapokuwa majina yao aghalabu hayakuandikwa. Walakini zile picha ambazo Wapare walijipigia wenyewe, zenye kutembea na kusema, ambazo ni changa kuliko hizo kwa miaka themanini na zaidi, ndizo zilizo karibu na mauti: zimo katika mikanda ya video, chini ya vitanda na juu ya makabati, tangu Ugweno hata Kihurio.

Yafaa ikumbukwe kwamba kampuni ya JVC ya Japani ilitoa mkanda wa VHS mwaka 1976, wakati ambapo Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi tangu 1973, ilhali Tanzania Bara haikupata stesheni hadi mwaka 1994, ITV ilipoanza matangazo yake. Kwa hiyo huku Bara mkanda ulitangulia stesheni, na walio wengi kati ya wale waliokuwa na runinga sebuleni kabla ya mwaka huo waliinunua kwa ajili ya deki. Upareni, ambako umeme ulichelewa kupanda milima, deki ilitegemea jenereta, na mafuta ya jenereta ndiyo yaliyopima urefu wa tamasha.

Katika miaka ya 1990 mpiga video akawa mtu asiyekosekana harusini, kisha katika kipaimara, na hatimaye, jambo ambalo si wazee wote waliliridhia, katika mazishi. Fundi huyu hakuwa na kawaida ya kuchagua. Alilipwa kwa shughuli nzima, naye akapiga shughuli nzima: foleni ya zawadi hata ikaisha, hotuba za wajomba mmoja baada ya mwingine, bibi akimwusia bi harusi kwa Chasu, lugha ya Wapare, na nyuma yao migomba, mifereji, na nyumba ambazo baadaye zilibomolewa. Watazamaji walilalamika kwamba mkanda unachosha. Mwanahistoria hatalalamika. Isaria Kimambo, mwana wa Upare aliyechapisha historia ya kale ya watu wake mwaka 1969, aliijenga kwa masimulizi ya wazee aliowafuata vilimani. Nami sina shaka kwamba saa tatu za wazee wakisema kwa lugha yao, bila kuulizwa swali na yeyote, angalizipokea kama tunu.

Nakala ilikuwa moja, labda mbili, na aliyetaka kuitazama alikwenda kwa mwenyewe, akabisha hodi, akakaribishwa, akatazama mbele ya mwenye nyumba, ambaye alijua mahali pa kuupeleka mkanda mbele upesi ili mgeni fulani asimwone mkewe wa zamani. Kaseti iliazimwa kwa zamu ndani ya aila, kama maji ya ndiva, lile bwawa la Wapare lijaalo usiku na kufunguliwa asubuhi, ambayo kila mwenye shamba hujua siku yake, na mwenye kuyapora huitwa mbele ya wazee.

Sasa ndiva yenyewe inavuja. Mkanda wa VHS ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa sumaku kwa gundi, na gundi hiyo hunywa unyevu. Katika vijiji vilivyo chini ya Shengena, kilele chenye mita 2,463, kuvu jeupe huota kwenye kingo za utepe. Kule Same, mji wa ukame, adui ni joto na vumbi. Deki nazo zimekwisha: kampuni ya Funai, ya mwisho duniani kuziunda, iliacha mwaka 2016, na fundi wa leo hula vipuri vya deki mbovu ili kuihuisha moja. Hufungua skrubu tano za kaseti, akapangusa kuvu, akauzungusha utepe mbele na nyuma ili uachane, akasafisha vichwa kwa spiriti, kisha akaunga nyaya tatu, wa njano wa picha, mweupe na mwekundu wa sauti, kwenye kijisanduku kinachoipelekea kompyuta. Hakuna njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu huhama kwa saa tatu, na ukihifadhiwa kwa mtindo wa DV kila saa moja hula takriban GB 13.

Mzigo huo hauwezi kutumwa katika kundi la ukoo la WhatsApp, ambako kwa miaka mingi video haikuruhusiwa kuzidi MB 16. Basi hukatwa. Mkataji aghalabu ni kijana aliyezaliwa Dar es Salaam au ughaibuni, mwenye kompyuta na moyo mwema, naye huchagua keki, muziki, na shangazi akicheza. Vipande hivyo hufika London na Muscat kabla ya jioni, na mwenye nyumba haulizwi tena nani atazame nini. Yule mke wa zamani huonekana na wote. Hotuba za Chasu, ambazo mkataji hazielewi, huachwa katika faili kubwa, na faili kubwa, baada ya kukaa kwa muda kwenye kompyuta ya mtu, hufutwa ili kupata nafasi. Kaseti yenyewe, kwa kuwa watu husema imekwisha kuhamishwa, huwa imekwisha tupwa.