Gugu Maji Katika Mwambao wa Mugango

Mugango, katika Mkoa wa Mara, hulitegemea Ziwa Viktoria kwa mengi. Wavuvi wake hupata riziki humo, na hapo ndipo huvutwa maji ya mradi unaofika Kiabakari na Butiama. Basi chochote kiufunikacho uso wa ziwa hili si jambo dogo kwa wenyeji.

Mwisho wa miaka ya 1980 lilionekana ziwani gugu lisilo la Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilichukua nchi hata nchi kwa ajili ya ua lake. Misri lilifika tangu karne ya 19. Njia yake mojawapo ya kuingilia Tanzania ilikuwa mto Kagera, utokao Rwanda na Burundi.

Kulitambua si kazi ngumu. Kikonyo cha jani kimevimba, kimejaa hewa, nacho ndicho kilieleshacho. Mizizi myeusi yaning'inia majini mfano wa manyoya. Ua ni la zambarau, na petali yake ya juu ina doa la manjano. Uzuri huo ndio uliowadanganya watu. Penye joto na rutuba gugu hili huweza kuongezeka maradufu kwa majuma mawili tu. Mitumbwi ilinaswa, nyavu zikapotea, na konokono wa kichocho wakapata makao.

Wanavijiji waliling'oa kwa mikono, lakini kazi ya kutwa ilitanguliwa na upepo wa usiku mmoja uliosukuma mengine ufukoni. Ndipo wataalamu wakauliza: huko kwao, gugu hili lazuiwa na nini? Walipata wadudu wawili wa jamii ya fukusi, waitwao Neochetina, ambao hula majani, na funza wao hutoboa vikonyo. Walipojaribiwa na kuonekana hawadhuru mazao, walifugwa na kuachiwa ziwani katika miaka ya 1990. Hata kufikia mwaka 2000 gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa wengine husema kwamba mvua na mawimbi ya El Nino ya 1997 na 1998 yalisaidia.

Walakini kupungua si kwisha. Mbegu zake hudumu topeni miaka 15 na zaidi, na rutuba iletwayo na mvua kutoka mashambani, pamoja na taka za miji, ndiyo chakula chake. Kwa hiyo limerudi mara kwa mara. Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni wa kwanza, mwenye ua, alimdhuru mwenyeji, wa pili, asiye na sura, alimponya nusu. Nusu iliyobaki i mikononi mwa mwenyeji mwenyewe, huko juu mashambani, maji yaanzako safari ya kuteremkia ziwani.