Nani Anagawa Kombe la Dunia?

Alhamisi ya tarehe 6 Julai 2000, wajumbe 24 wa Kamati ya Utendaji ya FIFA walikutana Zurich kuamua fainali za Kombe la Dunia za 2006 zichezwe wapi. Duru ya kwanza iliitoa Morocco, iliyoambulia kura tatu. Ya pili ikaitoa Uingereza. Ujerumani na Afrika Kusini zikawa sawasawa, 11 kwa 11. Kwa waliokuwa wakifuatilia, hesabu ilionekana imekwisha. Charles Dempsey wa New Zealand, mzee wa miaka 79 aliyewakilisha Oceania, alikuwa ameagizwa na shirikisho lake kwamba Uingereza ikitoka, kura yake iende Afrika Kusini. Ingekuwa 12 kwa 12, na kura ya uamuzi ingebaki mikononi mwa Rais Sepp Blatter, ambaye alijulikana wazi kuwa anataka fainali ziende Afrika.

Dempsey hakupiga kura. Ujerumani 12, Afrika Kusini 11.

Mzee huyo alieleza baadaye kwamba usiku wa kuamkia siku ile alibanwa kuliko alivyoweza kuvumilia, na kwamba kulikuwa na jaribio la kumhonga. Ukiacha hayo, jarida la vichekesho la Ujerumani, Titanic, lilituma faksi kwenye hoteli ya wajumbe likiwaahidi nyama ya nguruwe ya kukausha na saa ya ukutani yenye ndege wa kuimba, mradi waipigie kura Ujerumani. Ulikuwa utani, lakini Waafrika Kusini hawakucheka. Nchi nzima ilikuwa imekosa Kombe la Dunia kwa sababu ya mtu mmoja ambaye wengi wao hawakuwahi kusikia jina lake.

Mambo hayakuanzia hapo. Zamani uenyeji haukuwa na wanunuzi. Mkutano mkuu wa FIFA ulipokaa Barcelona mwaka 1929, nchi za Ulaya zilizowania zilijitoa moja baada ya nyingine, Uruguay ikabaki peke yake. Uruguay ilikuwa bingwa wa Olimpiki mara mbili mfululizo, na iliahidi kujenga uwanja mpya na kulipia nauli za meli na malazi ya wageni. Fedha ilikuwa mezani tangu siku ya kwanza, ila iliwekwa hadharani, kila mtu akiiona. Hata hivyo ni timu nne tu za Ulaya zilizokubali kuvuka Atlantiki mwaka 1930: Ufaransa, Ubelgiji, Romania na Yugoslavia.

Aliyeonyesha kwamba mashindano haya yana faida nyingine alikuwa Benito Mussolini. Fainali za 1934 nchini Italia ziligeuzwa jukwaa la ufashisti, na tangu hapo watawala hawakuhitaji kufundishwa tena. Miaka miwili baadaye, mjini Berlin, mkutano mkuu uliipa Ufaransa fainali za 1938. Argentina, iliyoamini kwamba zamu imerudi Amerika ya Kusini, ikakasirika na kubaki nyumbani. Uruguay nayo haikwenda.

Biashara ya kubadilishana kura ilijitokeza waziwazi London mwaka 1966. Siku moja, mkutano mmoja, uliamua wenyeji wa mashindano matatu: 1974, 1978 na 1982. Ujerumani Magharibi na Hispania zilikuwa zinagombea tarehe zilezile. Zikakaa, zikaelewana: Hispania ikaiachia Ujerumani 1974, Ujerumani ikaiachia Hispania 1982. Ya 1978 ikaangukia Argentina, ambako jeshi lilikuwa limepindua serikali siku chache tu kabla ya mkutano huo. Fainali zilipofika, kulikuwa na utawala mwingine wa kijeshi, ule wa Machi 1976, na mechi ya mwisho ilichezwa umbali mfupi kutoka chuo cha jeshi la majini ambamo watu walikuwa wakiteswa. FIFA haikuhamisha hata mchezo mmoja.

Kisha mamlaka ya kuchagua wenyeji yakahama. Kutoka kwenye mkutano mkuu, wenye sauti za nchi zote, yalikwenda kwa kamati ya utendaji, yaani watu wasiojaza basi dogo. Hatua hiyo, iliyopita kimyakimya, ndiyo iliyozaa mengi yaliyofuata.

Mwaka 1974 urais wa FIFA nao ulibadilika. Mwingereza Stanley Rous aliangushwa na Mbrazili João Havelange, na kura za Afrika ndizo zilizompa ushindi. Afrika ilikuwa na hasira mbili: mwaka 1966 ilisusia fainali kwa kunyimwa nafasi yake yenyewe, na Rous alikuwa ameitetea Afrika Kusini ya makaburu. Havelange alizunguka nchi kwa nchi akiahidi nafasi zaidi na mashindano ya vijana, na ahadi hizo alizitimiza. Pamoja nazo ikaja fedha ya wadhamini na televisheni. Kampuni ya ISL, iliyoshika haki za matangazo, ilikuwa ikiwalipa wakubwa wa mpira chini ya meza. Nyaraka za Uswisi zilizofunguliwa mwaka 2012 zilionyesha kwamba Havelange na aliyekuwa mkwe wake, Ricardo Teixeira, walipokea mamilioni ya faranga. Wakati malipo hayo yanafanyika, sheria ya Uswisi haikuyahesabu kuwa kosa la jinai.

Nguvu ya kuwa ndani ya chumba ilionekana mwaka 1983. Colombia ilikuwa imejitoa kuandaa fainali za 1986 kwa kushindwa gharama, na nchi tatu zikaomba nafasi yake. Marekani ilimpeleka Stockholm Henry Kissinger, waziri wake wa zamani wa mambo ya nje. Haikusaidia. Mexico ilikuwa na Guillermo Cañedo, makamu wa rais wa FIFA na mmoja wa wakubwa wa kampuni ya televisheni ya Televisa. Mexico ikachaguliwa kwa kauli moja.

Nyuma ya kura ya 2000 kulikuwa na mengi kuliko Dempsey. Mwaka 2015, jarida la Der Spiegel liliandika kuhusu euro milioni 6.7 zilizotoka kwa Robert Louis-Dreyfus, mkubwa wa zamani wa Adidas. Wachunguzi walioajiriwa na shirikisho la Ujerumani waliufuata mzigo huo hadi Qatar, kwenye kampuni ya Mohamed bin Hammam, aliyekuwa mjumbe wa kamati ya utendaji. Walisema hawakupata ushahidi wa kura kununuliwa, lakini hawawezi kuliondoa jambo hilo. Ikagundulika pia kwamba siku nne kabla ya kura, Franz Beckenbauer, aliyeongoza ombi la Ujerumani, alitia saini rasimu ya mkataba wa kumpa Jack Warner wa Trinidad manufaa mbalimbali. Wolfgang Niersbach, rais wa shirikisho la Ujerumani, akajiuzulu.

Baada ya aibu ya Dempsey, FIFA iliamua kuzungusha mashindano kwa mabara, na 2010 ikawa zamu ya Afrika peke yake. Hapo ndipo Warner alipopanda bei. Yeye ndiye aliyeongoza shirikisho la Amerika ya Kaskazini na Karibiani, lenye kura tatu katika kamati. Aprili 2004 Nelson Mandela, akiwa na miaka 85 na afya dhaifu, alisafirishwa hadi Trinidad kwenda kumbembeleza. Wiki chache baadaye, Zurich, Afrika Kusini ilipata kura 14, Morocco 10, Misri sifuri.

Mwaka 2008 dola milioni 10 zilizokuwa ziende kwa waandaaji wa Afrika Kusini zilipitia FIFA na kuingia kwenye akaunti zilizo chini ya Warner. Waendesha mashtaka wa Marekani walidai ni malipo ya kura zile. Serikali ya Afrika Kusini ilikana: ni mchango, ilisema, wa kuendeleza soka kwa watu wenye asili ya Afrika walioko Karibiani. Lakini Chuck Blazer, Mmarekani aliyekuwa mkono wa kulia wa Warner, alikwishakiri mbele ya hakimu wa Brooklyn mwaka 2013 kwamba yeye na wenzake walikubali hongo kuhusiana na uteuzi wa wenyeji wa 1998 na wa 2010. Warner ameendelea kukana.

Halafu ikaja tarehe 2 Desemba 2010. FIFA ilirudia kosa la London: mashindano mawili, 2018 na 2022, kwa siku moja, wajumbe walewale. Mwenye kura ya kutoa aliweza kuomba ya kupokea. Kabla hata sanduku halijafunguliwa, waandishi wa Sunday Times waliojifanya mawakala walikuwa wamewanasa Amos Adamu wa Nigeria na Reynald Temarii wa Tahiti wakizungumzia fedha za miradi kwa ajili ya kura zao. Wote wawili wakasimamishwa, wakabaki wapiga kura 22.

Uingereza ilileta mjukuu wa malkia, waziri mkuu na David Beckham. Ikapata kura mbili. Urusi ilishinda katika duru ya pili kwa kura 13. Qatar, ambayo wakaguzi wa FIFA wenyewe walionya juu ya joto lake la kiangazi, iliishinda Marekani 14 kwa 8. Siku tisa kabla, Michel Platini, rais wa shirikisho la soka la Ulaya na mmoja wa wapiga kura, alikuwa amekula chakula cha mchana Ikulu ya Paris na Rais Nicolas Sarkozy na mrithi wa ufalme wa Qatar. Platini amesisitiza siku zote kwamba uamuzi wa kuichagua Qatar ulikuwa wake mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Qatar ilikuwa imelipa dola milioni 1.8 kudhamini peke yake mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, mjini Luanda. Kanuni hazikukataza.

Zaidi ya nusu ya wale 22 baadaye walifungiwa, kushtakiwa au kutuhumiwa. Michael Garcia, mwendesha mashtaka wa zamani wa Marekani, alipewa kazi ya kuchunguza. Warusi walimwambia kompyuta walizotumia zilikuwa za kukodi na zimekwisha haribiwa. FIFA ilipotoa muhtasari tu wa ripoti yake mwaka 2014, Garcia alisema umepotosha alichokuta, akajiuzulu. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2015 polisi wa Uswisi waliingia hoteli ya Baur au Lac na kuwakamata viongozi saba kwa ombi la Marekani. Mwaka 2020 hati mpya ya mashtaka ilidai kwamba Warner aliahidiwa na kulipwa dola milioni 5 ili aichague Urusi, na kwamba wajumbe wa Amerika ya Kusini walipokea fedha kwa ajili ya Qatar. Urusi na Qatar zilikana.

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuirudisha kura kwa nchi zote na kuianika. Moscow, Juni 2018, kila shirikisho lilibonyeza kitufe na majina yakatangazwa. Marekani, Mexico na Canada zilipata 134, Morocco 65. Hapa bahasha isingetosha. Ilihitajika siasa ya wazi. Donald Trump alikwishaandika mtandaoni akihoji kwa nini Marekani isaidie nchi zitakazopinga ombi lake. Saudi Arabia iliwaacha Waarabu wenzake ikaichagua Amerika, na Afrika Kusini, inayounga mkono madai ya Sahara Magharibi, haikuipa Morocco kura. Ilikuwa mara ya tano kwa Morocco kushindwa, baada ya 1994, 1998, 2006 na 2010.

Safari ya sita haikuhitaji kushinda kura. Tarehe 27 Septemba 2023, kamati ya utendaji ya CAF, iliyoketi Cairo, iliipa Morocco Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, na kwa kikao hichohicho Kenya, Uganda na Tanzania zikapata la 2027. Wiki moja baadaye, tarehe 4 Oktoba, FIFA ilitangaza kwamba fainali za 2030 zitachezwa Morocco, Hispania na Ureno, na mechi tatu za mwanzo Uruguay, Argentina na Paraguay. Wapinzani waliokuwa wakiitaka tarehe hiyo waliwekwa sahani moja.

Matokeo ya mpango huo yalikuwa mazito kuliko ulivyoonekana. Kanuni inazuia bara lililoandaa mojawapo ya mashindano mawili yaliyotangulia. Kwa kuwa 2026 ilikuwa ya Amerika ya Kaskazini na 2030 imegawiwa mabara matatu, ya 2034 ilibaki kwa Asia na Oceania tu. Waliotaka walipewa hadi mwisho wa Oktoba, chini ya wiki nne, kuonyesha nia. Saudi Arabia ilijitokeza siku ileile. Australia ilijitoa siku ya mwisho. Tarehe 11 Desemba 2024, wajumbe wa mashirikisho 211 wakiwa mbele ya kamera za mtandao, wenyeji wa 2030 na 2034 walipitishwa kwa pamoja, kwa makofi. Aliyeipenda Morocco hakuweza kuikataa Saudi Arabia. Norway pekee ndiyo iliyopinga utaratibu huo waziwazi.

Kwa hiyo kinachopaswa kutazamwa sasa ni kalenda kuliko sanduku la kura: nani anapanga tarehe, nani anaunganisha mashindano, nani anafunga dirisha la maombi. Kanuni ya mabara ikibaki ilivyo, 2038 itakuwa wazi kwa Amerika ya Kaskazini na Oceania pekee, na fainali za mapema zaidi ambazo Afrika itaruhusiwa kuomba ni za 2042.