Kuchenjua

Fika Nyamongo, wilayani Tarime, uliza mchanga wenye dhahabu unafanywaje, utajibiwa: "Unachenjuliwa." Jiwe husagwa kwenye karasha hadi liwe unga, kisha unga huoshwa kwa maji juu ya mwalo uliotandikwa magunia; mchanga mwepesi unateremka, dhahabu, kwa uzito wake, inabaki kwenye nyuzi. Yanayobaki huitwa marudio, nayo huchenjuliwa tena.

Neno hili nalitaka lihamie kwenye kompyuta. Mfano uko karibu: mgodi wa North Mara, ulioko wilaya hiyohiyo, asilimia 84 ni ya kampuni ya Barrick na 16 ni ya Serikali. Barrick, kwa kuwa hisa zake zinauzwa pia New York, hupeleka Marekani taarifa za fedha za kidijitali kwa mfumo wa XBRL. Humo kila tarakimu hubeba lebo: ni mapato au deni, ni ya mwaka gani, ni kwa dola au sarafu nyingine. Maktaba ya programu kama Arelle, ambayo ni huria, husoma lebo hizo na kukupa namba unazozitaka.

Kazi hiyo wengi tunaiita "kutoa data". Kutoa kupi? Kutangaza, kugawa au kufuta? Neno moja linabeba yote, na msomaji anapotea. Kuchenjua hakuna utata: kitu cha thamani kimetengwa na kilichokizunguka. Kijana wa Tarime anayejifunza kuandika programu analijua tangu utotoni, amelisikia mwaloni.