Tarizi ya Mkono: Ufuaji na Utunzaji Wake katika Bujora na Mwambao wa Ziwa

Tarizi ya mkono ni nakshi itiwayo juu ya nguo kwa sindano na uzi, nayo katika Bujora na vijiji vya Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, huonekana aghalabu juu ya mashuka na foronya, vitambaa vya makochi, kofia za viua, na mavazi ya ibada yanayohifadhiwa katika makabati ya sakristia. Ufuaji wake hautawaliwi na kitambaa bali na uzi, maana shuka iliyo imara huvumilia mengi ambayo ua jekundu lililodariziwa pembeni mwake haliwezi kuyavumilia hata mara moja.

Uzi mwingi wa madukani ni wa pamba, zao ambalo Wasukuma wamelilima kwa vizazi, na pamba ina tabia ya kuongezeka nguvu ikilowa, ilhali hariri hupungukiwa. Kwa hiyo uzi wa hariri haufuliwi kwa sabuni ya mche, ambayo ukali wake huula, wala haukamuliwi.

Maji ya Ziwa Viktoria ni laini, sabuni hutoa povu ndani yake bila taabu. Walakini kusimama ufukweni na kufua miguu ikiwa majini ni kujitafutia kichocho, maradhi yaliyoenea mno katika mwambao huu. Vijidudu vyake vitokavyo katika konokono haviishi muda mrefu, basi maji yaliyotekwa bila konokono yakaachwa katika pipa kwa siku mbili huwa yamepungukiwa na hatari hiyo, na fauka ya hayo tope lake huwa limetuama chini, jambo ambalo nguo nyeupe inalihitaji sana.

Kabla ya maji huja vumbi. Vumbi jekundu la kiangazi likikutana na maji huwa tope, na tope likiisha kupenya katikati ya mishono haliondoki ila kwa kusugua, na kusugua ndiko kunakokwaruza uzi ukafanya manyoya. Nguo ikung'utwe kwanza, kisha ipigwe brashi laini upande wa nyuma.

Ama rangi, hujaribiwa kwa kugandamiza kitambaa cheupe kilicholoweshwa juu ya kila rangi, hasa nyekundu, buluu na nyeusi. Ikiacha alama, nguo hiyo isilowekwe. Wengi husifu chumvi na siki, lakini chumvi haiwezi kufunga rangi ambayo kiwanda kilichoutengeneza uzi hakikuifunga. Iwapo rangi imekwisha kuchuja katikati ya kufua, jambo la kuogopwa si doa bali ni kukauka kwa doa: nguo isuuzwe papo hapo kwa maji mengi ya baridi, yakibadilishwa na kubadilishwa hata yawe meupe, wala isiachwe katika beseni imejikunja juu ya nafsi yake.

Kukaushwa ni kivulini, imetandazwa juu ya taulo. Pasi hupitishwa upande wa nyuma, nakshi ikiwa imelalia kitambaa kinene ili isibonyee, na mwenye pasi ya mkaa apulize majivu mbali na nguo.

Kofia za viua zina taratibu zao. Hufuliwa kwa vidole pasipo brashi, hutiwa wanga mwepesi, huvikwa juu ya chombo cha duara kilicho sawa na kichwa cha mwenyewe, na matundu yaliyozibwa na wanga huzibuliwa kwa ncha butu kabla hayajakauka.

Mavazi ya ibada yaliyodariziwa kwa zari hayafuliwi kabisa. Zari ni utepe mwembamba wa madini uliozungushwa juu ya uzi, nao uzi ukinywa maji hujikunja, utepe ukalegea na kupoteza mng'ao. Huko Bujora, ambako altare ya kanisa imefanywa kwa mfano wa kiti cha mtemi, sikukuu ya Ekaristi huandamana na Bulabo, mashindano ya ngoma ya vyama vya Bagika na Bagalu mwezi wa Juni, yaani wakati wa kiangazi. Na kasula yo yote inayotoka nje kwa maandamano ya msimu huo hurudi na vumbi lake. Dawa yake ni kuiacha ipumue hewani usiku kucha, kisha kuipiga brashi ya manyoya laini kupitia kipande cha chandarua kilichotandazwa juu ya nakshi, ili unywele wa brashi usishike ncha ya zari.

Nguo ya kuwekwa muda mrefu isitiwe wanga, kwa kuwa mende huupenda wanga nao huutafuna pamoja na uzi wenyewe. Iviringishwe juu ya gogo la karatasi, nakshi ikitazama nje, ifunikwe kwa shuka kuukuu safi. Mfuko wa plastiki huzuia unyevu wa masika usitoke, na kuvu huanza katika mikunjo.