Kibanda cha kijani na mnara uliobaki

Vijana wenzetu wa Mantapala na Nchelenge yote, pamoja nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, haya tunayaandika kwa sababu ya ubishi.

Kikundi chetu kina akiba kidogo. Tunataka kufungua kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu. Swali ni moja tu: tujiunge na kampuni gani? Mmoja wetu anasema tushike ile kubwa. Mwingine kasikia kuna kampuni mpya inakuja, kamisheni yake nono, eti mawakala wa kwanza ndio watakaokula. Tulibishana mpaka giza likaingia. Mwisho tukakubaliana kwamba kabla ya kutabiri ya kesho, tuangalie kwanza ya jana.

Tuanze na mnara. Wazazi wetu kule Kongo walinunua laini za Celtel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan. Mwaka 2008 jina likabadilika, ikawa Zain. Mwaka 2010 Wahindi wa Bharti wakainunua, ikawa Airtel. Upande huu wa Zambia ilikuwa vilevile, majina yaleyale matatu. Bango likabandikwa juu ya bango, lakini mteja aliendelea kupiga simu. Somo la kwanza ndilo hilo: jina linaweza kufa na kazi ikaendelea. Ukitaka kujua nani atabaki, usiangalie rangi ya bango. Angalia nani ana minara na nani ana wateja.

Sasa tuje kwenye kibanda cha kijani. Waliokaa Zambia muda mrefu wanaikumbuka Zoona. Ilianza mwaka 2009, na kazi yake mojawapo ya mwanzo ilikuwa kuwalipa wakulima wa pamba. Baadaye vibanda vyake vikaenea mijini, na wengi waliovikalia walikuwa vijana kama sisi, hasa wasichana. Ulikuwa unampa wakala pesa, mwenzako anapata namba ya siri, anakwenda kibandani kwake kuchukua. Rahisi kabisa! Mwaka 2016 wawekezaji waliipa dola milioni 15. Siku hiyo nani angetabiri kwamba itaanguka?

Lakini Zoona haikuwa na mtandao wake wa simu. MTN na Airtel walikuwa nao, na laini zao zilikuwa tayari mifukoni mwa watu. Waliposukuma huduma zao za pesa, mteja akaona anaweza kuweka pesa ndani ya simu yenyewe na kutuma akiwa kitandani. Ya nini tena kutembea mpaka kibandani? Muongo ulipokuwa unaisha, Zoona ilikuwa imeshapoteza soko. Haikuwa kampuni ya wajinga wala ya wezi. Ilikuwa inapita kwenye barabara ya mtu mwingine, na mwenye barabara akaamua kununua gari lake.

Kwa hiyo mkubwa anashinda siku zote? Hapana, ngojeni. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, chini ya Safaricom. Wenye kazi mjini walitaka kutuma pesa nyumbani, na wengi hawakuwa na akaunti ya benki. Ilishika kama moto wa kiangazi. Mwaka 2010 Vodacom wakaipeleka Afrika Kusini, wakitarajia wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2016 wakaifunga, waliokuwa wakiitumia hasa hawafiki hata laki moja. Jina lilelile, tena kampuni kubwa. Ila kule watu wengi walikuwa na benki tayari, na duka la karibu lilikuwa linatuma pesa. Shida iliyoizaa M-Pesa Kenya haikuwa na uzito uleule kule.

Basi sisi tumejiwekea maswali matatu. Je, kampuni hii inaondoa shida ambayo watu wa hapa wanayo kweli, au shida ya watu wa mbali? Barabara inayopita ni yake, au ya mshindani wake? Na ikianguka kesho, sisi tutabaki na nini mkononi?

Swali la tatu ndilo letu hasa, sisi wakimbizi. Tajiri akikosea kutabiri, anapoteza sehemu ya mali. Sisi tukikosea, imeondoka akiba ya mwaka mzima, ya watu walioshafika mara moja mikono mitupu. Nanyi wa mashirika, mnapochagua kampuni ya kupitishia msaada wa fedha, ulizeni maswali hayohayo. Mama aliyetembea toka kambini kwa miguu hana kamisheni ya kumfidia siku mtandao umelala au wakala hana pesa.

Tulivyoamua ni hivi: hatutaweka akiba yote kwa kampuni moja. Tutaanza na laini mbili ambazo wavuvi na wauza samaki wa Kashikishi wanazitumia tayari, na pesa nyingine ibaki kwenye sanduku la kikundi. Ile mpya tutaiangalia kwanza. Ikiwa nzuri kweli, mwakani itakuwepo bado.

Wewe ungechagua vipi? Tuandikie hapa chini, tubishane.