Mche Bure, Maji kwa Hela

Kwenye kiwanja cha wazi cha mtaani kwetu, hapa Ipagala, mwaka jana kulikuwa na miti mitatu. Miaka michache nyuma tulipanda zaidi ya mia. Ilikuwa siku kubwa: turubai, spika, wageni wenye fulana za kijani, watoto wa shule wakatoa ngonjera, na sisi wenyeji tukashika majembe tukapigwa picha. Miti miwili kati ya ile mitatu ilisimama karibu na meza ya mama mmoja anayeuza maandazi, kwa sababu kila asubuhi akimaliza kusuuza vyombo alikuwa anamwaga maji pale. Wa tatu ulikuwa mwarobaini, na huo nikisema kweli haukupandwa na mtu. Ulijiotea wenyewe pembeni ya mtaro. Kwa hiyo ilikuwa miwili.

Basi kikao cha mtaa kikaamua tujaribu tena, na mimi, kwa kuwa naonekana na vitabu mkononi, nikapewa kazi ya kuandika barua ya kuomba ufadhili. Mwenyekiti alitaka barua fupi: tunaomba miche. Nikakaa wiki nzima bila kuandika mstari. Nilitaka kwanza kujua waliotutangulia waliombaje, walipewa nini, na kilichopandwa kwa hela hiyo kiliishia wapi. Maana huu mji una historia ndefu ya kupandwa.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Dodoma hupata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Mche mchanga ukipewa lita 10 mara mbili kwa wiki, hiyo ni dumu moja la lita 20. Kuanzia Mei hadi Novemba ni wiki 30 hivi, yaani madumu 30 kwa mche mmoja kwa kiangazi kimoja. Miche 100 inataka madumu 3,000, lita 60,000, maboza sita ya lita elfu kumi kumi. Na mche hauhesabiki kuwa mti mpaka uvuke kiangazi cha pili. Mche wenyewe mara nyingi hutolewa bure. Nani amewahi kutoa maji bure?

Mwenye kutaka kuona hela nyingi ikishindwa na hesabu ya namna hii aende Kongwa, mashariki mwa mkoa wetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale mradi wa karanga. Vita vilikuwa vimewaachia uhaba wa mafuta ya kula, wakaona Tanganyika ina ardhi tupu. Wakaleta matingatinga, wakang'oa pori, wakashangaa kwamba mibuyu haing'oki kirahisi na kwamba udongo wa kule, mvua ikikata, hugeuka kama tofali. Januari 1951 mradi ukafungwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimekwenda. Alan Wood, aliyefanya kazi ndani ya mradi huo kama msemaji wake, aliandika kitabu, The Groundnut Affair, mwaka 1950, kabla hata jeneza halijafungwa. Wenyeji walijua mvua ya Kongwa ikoje. Mathias Mnyampala, mtoto wa Ihumwa, hapo tu njia ya Morogoro, alichapisha mwaka 1954 kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, watu ambao maisha yao yote yamepangwa kwa kuhofia mwaka usio na mvua. Huyohuyo Mnyampala ndiye aliyeipa ngonjera umaarufu wake. Nachekaga kimoyomoyo kila nikisikia watoto wakiighani kwenye sherehe za miti: huo utanzu ni wa nyumbani, umekomaa kuliko miche yote inayoimbiwa.

Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na mwaka uleule ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile ambayo watu wote waliiita CDA. Mpango mkuu wa mji ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ukatoka 1976. Ni mchoro wa kupendeza. Mji usio na majengo ya kutisha, mji wa watembea kwa miguu, makazi yaliyotengwa na mikanda ya kijani, bustani kila mahali. Mwalimu alitaka mji mkuu unaofanana na taifa la vijiji. Viwanja vyetu vya wazi hivi tunavyogombania leo ni wajukuu wa mchoro ule. Lakini mkanda wa kijani kwenye karatasi ni rangi tu. Ikaja vita ya Kagera, mafuta yakapanda bei, hazina ikakauka, na mpango wa kuhamia kwa miaka kumi ukachukua zaidi ya arobaini. Mji ukakua kwa miguu yake wenyewe. Kilichoota kwa wingi ni mwarobaini, kwenye nyua za watu, kwa sababu unavumilia ukame, mbuzi hawaupendi, na mwenye nyumba anataka kivuli cha kukalia saa nane mchana. Hakuna mfadhili aliyewalipa hao.

Mwaka huohuo wa 1973 ulianza pia mradi ambao vijana wengi hapa mjini hawajausikia: HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Fedha zake kwa sehemu kubwa zilitoka Sweden, kupitia shirika lao la misaada, SIDA. Kondoa ilikuwa imeliwa na makorongo mekundu unayoweza kuingiza nyumba ndani. HADO wakajenga vitalu, wakagawa miche, wakachimba matuta kwa mitambo. Mafanikio yakawa haba. Mwaka 1979 serikali ikachukua hatua nyingine: mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, wote nje. Zaidi ya 80,000.

Na ardhi ikarudi. Nyasi zikaota, vichaka vikarudi, migunga ikachipua, kwa sehemu kubwa bila kupandwa na mtu.

Kitu hiki huwa kinasimuliwa kama ushindi, na kwa macho ni ushindi kweli. Ila mimi nilipokuwa nasoma nilikuwa natafuta hela, na hela niliyoikuta haikuwa ya Sweden peke yake. Aliyelipa zaidi ni mfugaji wa Kondoa aliyeambiwa ahamishe ng'ombe wake, awaache kwa ndugu wa mbali, au awauze. Kwa Mrangi au Mgogo ng'ombe ni akiba, ni mahari, ni bima ya mwaka wa njaa. Ruhusa ya kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini ilikuja mwaka 1989, miaka kumi baadaye. Miaka kumi mtu anatazama majani yanarudi na hana mnyama wa kuyala. Kwenye daftari la mradi gharama hiyo haina safu yake. Nikiona neno "mchango wa jamii" kwenye fomu za ufadhili siku hizi, nawakumbuka hao.

Turudi mjini. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba sasa tunahama kweli, na Mei 2017 akaivunja CDA, kazi zake zikaenda halmashauri. Desemba 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akiwa ndiyo kwanza amehamia, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani, kule Mzakwe, jirani na visima vinavyounywesha mji. Huwezi kulaumu chaguo la mahali. Tangu hapo miche imegawiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, shule zimepanda, wizara zimepanda, benki zimepanda. Na miti ipo, nisije nikaonekana mtu wa kubeza. Pita barabara zenye watunza bustani walioajiriwa, utaiona. Pita palipopandwa siku moja na kuachiwa "wananchi", utaona vijiti vya kuegeshea miche vimesimama peke yake.

Aliyeijua tofauti hiyo mapema alikuwa jirani yetu wa Kenya. Wangari Maathai anaeleza katika kumbukumbu zake, Unbowed, za mwaka 2006, jinsi alivyoanza kwa kushindwa. Biashara yake ya kwanza ya miche, Envirocare, ilikwama. Tarehe 5 Juni 1977 alipanda na wenzake miti saba Kamukunji, Nairobi, kuwakumbuka mashujaa saba, na mingi kati ya hiyo haikuishi. Miwili ndiyo iliyobaki. Niliposoma hapo nikacheka kwa sauti, miwili kama yetu. Lakini yeye hakurudi kuomba miche mingi zaidi. Aliwaendea wanawake wa vijijini, akawaambia waoteshe wenyewe mbegu za miti ya kwao, na malipo yakawekwa kwa mche uliopandwa ukashika. Senti nne za Marekani. Ni hela ndogo mpaka inatia aibu, lakini tazama ilipowekwa: mwisho wa kazi. Mwaka 1981, mfuko wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wanawake ulipompa zaidi ya dola 100,000, nazo zikaingia kwenye mfereji huohuo wa senti nne nne. Mamilioni ya miti yaliyompatia Nobel mwaka 2004 yalihesabiwa na akina mama ambao walijua kabisa mti uliokufa hauna senti.

Nani anahesabu, na anahesabu lini? Siku ya sherehe kila mtu anajua kuhesabu.

Kuna njia nyingine, nayo inafanyika hapahapa mkoani. Tangu 2018 taasisi ya LEAD Foundation, ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, inaendesha kampeni inayoitwa Kisiki Hai. Hawapandi. Wanamwonyesha mkulima kwamba kile kisiki shambani kwake, ambacho kila mwaka anakifyeka, chini kina mizizi ya miaka mingi inayojua maji yako wapi. Anachagua machipukizi mawili matatu, anapogoa mengine, anayalinda. Tony Rinaudo, Mwaustralia, aliifanyia kazi njia hii Niger miaka ya 1980. Haihitaji kiriba, kitalu wala boza. Ingetufaa sana Ipagala, tatizo ni kwamba sisi hatuna visiki. Kabla ya kupima viwanja hupita greda, linakwangua kila kitu mpaka udongo unabaki mwekundu kama kidonda, halafu tunahamia, halafu tunaanza kuomba miche.

Nikaandika barua. Niliomba fedha za maji kwa viangazi viwili, uzio wa miiba, na posho ya mtu mmoja wa kutunza, kwa miche 40 tu. Mwenyekiti akaisoma, akavua miwani. "Mwalimu, arobaini? Mfadhili atakuja kupiga picha na miche arobaini?" Mzee mmoja wa Kigogo, aliyekuwepo hapa kabla ya ramani yoyote, akasema arobaini ni mingi, yeye angeanza na kumi. Tukapeleka kampuni kadhaa. Moja ilijibu, kwa adabu kabisa, kwamba bajeti yao ya mazingira ya mwaka huo inaweza kutoa miche 500 na fulana 60. Maji hayamo kwenye mafungu yao.

Tulibishana jioni mbili. Wengine walisema mwenye kupewa hachagui. Mtendaji akataja mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, lakini mkopo hurudishwa, na kivuli cha kiwanja cha wazi hakiuzwi. Mwishowe tukachukua miche 40 kati ya ile 500, nyingine tukaomba ipelekwe shule zenye visima, na maji tukachangishana wenyewe, kaya kwa kaya. Mtunzaji akawa mama wa maandazi. Tulikubaliana naye shilingi 1,000 kwa kila mche ulio hai, ikihesabiwa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi mbele ya watu. Senti nne za Mama Wangari, nikamwambia mhazini. Hakunielewa, akaandika tu.

Tulipanda Januari. Aprili ilikuwa 39, mmoja umeliwa na mbuzi wa mtu ninayemfahamu. Juni, 36. Julai, upepo wa Dodoma ukiwa katika ubora wake, tulizunguka tena, mhazini na daftari, mama wa maandazi mbele. Mhazini akahesabu 34. "Thelathini na tano," mama akasema. Mhazini akaonyesha kijiti kilichokauka juu, kimebaki bila hata jani. Mama akachuchumaa, akakwangua gamba karibu na udongo kwa ukucha. Chini ya gamba palikuwa kijani, pabichi. Mhazini akainama akatazama, akasimama, akafuta namba aliyoandika.