Kompyuta inapokataa nywila: Ufanye nini kabla ya kufuta kila kitu?

Katika vijiji vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, vyeti vya shule na nyaraka za familia zinaweza kuwa ndani ya kompyuta moja tu. Inapokataa kufunguka, mwenyewe huibeba hadi kwa fundi mjini Mbarara, na jibu la haraka huwa ni "kupiga Windows upya". Kazi hiyo inaweza kufuta kila kitu. Zipo hatua za kutangulia.

Kagua kibodi

Kompyuta zilizopangwa kwa Kifaransa, lugha ya shule nchini Kongo na Burundi, hubadilishana nafasi za herufi A na Q, pia Z na W. Nywila sahihi huonekana si sahihi. Alama ya lugha iliyo pembeni mwa skrini hurekebisha hali hiyo.

Tambua aina ya akaunti

Iwapo mtumiaji huingia kwa barua pepe, hiyo ni akaunti ya Microsoft. Nywila yake hubadilishwa kupitia simu yoyote yenye intaneti, kwa msimbo unaotumwa kwenye namba au barua pepe iliyosajiliwa. Aliyepoteza laini aanze kwa kuirejesha kwa kampuni ya simu, akiwa na kitambulisho alichosajilia. Kubadili taarifa zote za usalama huchukua siku 30.

Akaunti ya ndani ya kompyuta haitumiwi msimbo. Hufunguliwa kwa maswali ya usalama yaliyowekwa awali, au na mtumiaji mwingine mwenye mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta hiyohiyo.

Je, diski imefungwa?

Iwapo diski haijasimbwa, fundi anaweza kuichomoa na kunakili mafaili kabla ya kupiga Windows upya. Lakini iliyofungwa kwa BitLocker huhitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe. Bila ufunguo huo, hakuna fundi awezaye kuyasoma.

Kinga ni nafuu: ufunguo uandikwe daftarini, barua pepe ya pili iongezwe kwenye akaunti, na nakala za vyeti ziwekwe kwenye flashi inayotunzwa mbali na kompyuta.